Twiga Arobaini Chini ya Kitanda

Wiki jana tulimwacha Kamene mbele ya dirisha la uhamiaji pale Namanga, mkataba wake mkononi, afisa ameshainua kalamu. Ndipo sauti ikasema nyuma yake:

"Madam, usipoteze wino. Huyo mama ni mpiga msasa wangu tu. Fundi ni mimi."

Kamene hakugeuka. Hakuhitaji. Sauti hiyo ameisikia kila siku kwa miaka kumi na tisa, na hajawahi kuisikia ikisema asante.

Ilikuwa ya Mbaluka.

Alikuwa amevaa suti. Jua la Namanga siku hiyo lilikuwa la kukaanga samaki juu ya bati, na mwenzetu alivaa suti ya kahawia yenye lebo bado kwenye mkono, ile lebo ambayo watu wengine huing'oa kabla ya kutoka nyumbani. Yeye aliiacha. Alidhani ni medali.

Kama ndiyo kwanza umelishika gazeti hili, mambo ni haya. Kariobangi kuna banda la vinyago, na mwenye banda ni Mbaluka. Yeye hununua gogo, hulipasua vipande kwa tezo, kisha huketi. Vijana huchonga umbo. Kamene hupokea hapo: hupiga msasa, huchoma macho kwa msumari wa moto, hupaka rangi ya viatu, humaliza. Halafu chini ya kila kinyago huandikwa 114, namba ya Mbaluka katika chama cha wachongaji, maana wapiga msasa hawapewi namba.

Sasa mwenye duka mmoja wa Arusha, Bi Lela, aliwapenda sana twiga wa 114. Akatuma mkataba wa kazi wa miaka miwili: "Kwa fundi namba 114, Kariobangi." Hakuandika jina. Aliutuma kwa simu ya banda, na simu hiyo hukaa na Kamene kwa sababu Mbaluka huona kuongea na wateja ni kazi ya wanawake. Lakini kusoma jumbe za wateja usiku, simu ikilala bandani, kumbe hiyo aliiona ni kazi ya wanaume. Kila mmoja akachapisha nakala yake. Kila mmoja akaja Namanga.

Na hapo ndipo tulipo.

"Mkataba ni mmoja," alisema afisa. Jina lake Afnan, binti wa miaka thelathini hivi, ushungi umekaa sawa, macho hayana haraka. "Kazi ni moja. Mimi nampa pasi mtu mmoja aingie, aende Arusha akakamilishe ombi lake la kibali. Sasa naomba mniambie. Fundi ni nani?"

"Mimi," alisema Mbaluka.

"Mimi," alisema Kamene.

Foleni nzima ikafurahi. Watu waliokuwa wanalalamika kuchelewa sasa hawakutaka kuondoka.

"Wapewe nyundo hao!" alisema mwanamke mmoja mwenye mafurushi ya viatu. "Atakayebaki amesimama ndiye fundi!"

"Mama, kaa kwanza," Afnan alimwambia Kamene. Akakipitisha kiti pembeni ya kaunta, kiti chake mwenyewe, na yeye akabaki amesimama. Kamene aliliona hilo. Akaketi, na goti lake la kushoto, lile linalomsumbua tangu mvua za masika, likashukuru.

Mbaluka hakupewa kiti. Hilo naye aliliona.

"Madam, acha nikusaidie," alisema, akiegemea kaunta kama ya kwake. "Hawa wanawake ukiwapa kipande cha msasa leo, kesho wanajiita mainjinia. Huyu nilimwokota Huruma hajui tezo ni nini. Mpaka leo hajui! Muulize. Kamene, umewahi kushika tezo?"

"Hapana," alisema Kamene.

"Umesikia? Umewahi kupasua gogo?"

"Hapana."

"Basi!" Mbaluka aligeukia foleni kutafuta makofi. Hakuyapata. "Fundi wa vinyago asiyejua kuchonga! Hata kule kwetu Machakos mbuzi watacheka."

"Na wewe bwana," Afnan aliuliza, "umewahi kumaliza kinyago?"

"Nimemaliza elfu."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa banda langu."

Afnan aliandika kitu. Mbaluka akanyoosha shingo asome, akaona ni mchoro wa ua tu.

"Tumpigie mwajiri," alisema afisa. "Ndiye anayejua anamtaka nani."

Simu ya banda ikawekwa juu ya kaunta, sauti ikafunguliwa. Bi Lela aliitika mara moja. Nyuma yake kulisikika watu wakipigilia misumari.

"Nina maonyesho Jumamosi," alisema baada ya kuelezwa. "Meza ishalipiwa, wageni washaalikwa. Nikifika saa kumi leo sina fundi mwenye pasi, namchukua mchongaji mwingine, wa soko la Mwenge. Ameshafunga begi, ananipigia kila nusu saa. Saa hizi ni ngapi?"

"Saa saba na nusu," alisema Afnan.

Kamene aliitazama saa ya ukutani. Mwelewe. Hii si safari ya kutembea. Ana miaka hamsini na mbili. Hajawahi kufanya kazi ambayo jina lake limeandikwa popote. Ikipita hii, kesho asubuhi atarudi Kariobangi kumwomba Mbaluka kipande cha msasa, na Mbaluka atamfanya aombe mara mbili.

"Mimi sitaki maneno," Bi Lela aliendelea. "Nina swali moja, mnijibu wote wawili. Twiga wa maduka mengine wakifika huku hupasuka. Kiangazi kikianza nasikia wanalia dukani, ta, ta, shingo zimegawanyika. Wa 114 hawajapasuka hata mmoja. Kwa nini?"

Mbaluka alicheka. Alicheka kama mwalimu aliyeulizwa mbili na mbili.

"Bi Lela, hiyo ni siri ya kazi, lakini kwako nitaifungua. Kwanza mti. Mimi nachagua mti kwa pua. Pili, jua. Wakitoka kuchongwa nawapanga juu ya bati la banda, migongo juu. Siku tatu. Wanakauka kama mfupa."

"Siku tatu juani," alirudia Bi Lela.

"Tatu. Nne kukiwa na mawingu."

Hata misumari ilinyamaza.

"Na wewe, mama?"

Kamene aliisogelea simu. "Mti mbichi ukiuweka juani, ngozi inakauka, tumbo linabaki na maji. Ngozi inavuta, tumbo linakataa. Hapo ndipo shingo inapasuka. Mimi huwatoa banda kwa gunia, nawapeleka nyumbani kwangu. Nawazika ndani ya vumbi la mbao, chini ya kitanda, kusiko na upepo. Kila asubuhi nawageuza. Wiki tatu. Mwezi, kama ni wanene. Maji yanatoka polepole, yenyewe, bila kulazimishwa. Halafu nawarudisha."

"Wapo sasa hivi?"

"Wapo arobaini. Ni wa maonyesho yako ya Jumamosi. Wako tayari tangu Jumanne."

"Allah!" Bi Lela alicheka kwa furaha. "Afisa, ndiye huyo. Mpe pasi. Nabadilisha mkataba sasa hivi, naandika Kamene."

Mwanamke wa mafurushi alipiga kigelegele. Afnan aliinua kalamu kwa mara ya pili.

Na Mbaluka? Ungetarajia aone aibu. Lakini aibu humtaka mtu aliye na mahali pa kuiweka.

"Subiri!" alipiga kaunta. "Subiri, Madam! Mmesikia alichosema? Mmesikia wote? Twiga wangu arobaini wako chini ya kitanda chake! Amewatoa kwenye banda langu kwa gunia! Amekiri mbele ya serikali!"

Kalamu ilisimama.

"Niliwatoa niwakaushe," alisema Kamene.

"Nilikutuma?"

"Hukunituma. Hukuwahi kuuliza wanakauka wapi. Miaka kumi na tisa hukuuliza."

"Nilikutuma, sikukutuma?"

"Hukunituma."

"Mwizi!" Mbaluka alinyoosha kidole na ile lebo ikapepea. "Mnampa pasi mwizi? Huko Arusha hamna wezi wenu?"

Afnan aliweka kalamu chini. Macho yake yalimwomba Kamene msamaha kabla ya mdomo.

"Mama, kukiwa na madai ya wizi siwezi kuendelea mpaka nijue ukweli. Naomba unielewe."

"Nakuelewa, binti yangu."

Mbaluka alikuwa ameshatoa simu yake. "Ndete! Wewe Ndete! Panda boda uende Huruma, kwa Kamene. Ghorofa ya tatu. Nataka ufungue ile nyumba uinue kitanda! Nataka twiga wangu waonekane kwa video! Haraka, mjinga wewe!"

Ndete ni mtu wa Mbaluka. Kazi yake bandani haijulikani, ila huwa ana meno ya kuchokoa kwa kijiti kila saa.

Kutoka Kariobangi hadi Huruma kwa boda ni dakika chache, lakini Ndete hakuwahi kufanya jambo la dakika chache kwa dakika chache. Alifika getini akaanza kujigamba kwa sauti. Mlinzi wa jengo akakataa kufungua nyumba ya mtu bila mzee wa nyumba kumi. Mzee wa nyumba kumi alikuwa ananyolewa. Wakamngoja ndevu ziishe.

Saa nane ikapita. Saa nane na nusu ikapita. Afnan alihudumia wengine pembeni, na kila akimaliza mtu mmoja alimtazama Kamene. Mwanamke wa mafurushi alishapigiwa muhuri wake lakini hakuondoka. Alinunua chupa mbili za maji, moja akampa Kamene bila kusema kitu, akaketi juu ya viatu vyake.

"Lia tu kama unataka," alimwambia. "Mimi hapa nililia mara nne."

"Sina machozi, dada. Nina hesabu tu kichwani."

"Hesabu gani?"

"Nahesabu twiga. Naogopa wasiwepo na naogopa wawepo."

Saa tisa kasorobo, simu ya Mbaluka ikaita. Video.

Akaiweka juu ya kaunta, akaiegemeza kwenye chupa ya maji ya Kamene bila kumwomba. Uso wa Ndete ulijaa kwenye kioo, na kijiti mdomoni.

"Niaje, mkubwa. Tuko ndani. Mzee yuko hapa, mlinzi yuko hapa."

"Inua kitanda!"

Picha ikayumba. Kamene alikiona chumba chake kidogo, pazia la maua, kalenda ya kanisa, blanketi alilolikunja asubuhi ya safari. Kuona wanaume watatu na viatu vyao kwenye mkeka wake kulimuuma zaidi ya neno mwizi. Godoro likainuliwa. Vyuma vikalia.

Chini ya kitanda palikuwa na vumbi la mbao.

Vumbi la mbao, basi.

"Hakuna kitu hapa, mkubwa," alisema Ndete.

"Tafuta vizuri!"

"Nimetafuta. Hata panya hakuna."

Kamene alisimama kutoka kwenye kiti cha afisa. Twiga arobaini. Aliwageuza kwa mikono yake alfajiri ile ile, kabla ya kupanda gari.

Hapo uso mwingine ukajiingiza kwenye picha, uso mpana wa mama mwenye kitambaa kichwani, na masizi kutoka kidevuni mpaka kwenye nyusi.

"Nani anasikia huko? Serikali inasikia?" alipiga kelele. "Mimi ni Nthoki, jirani! Nawaambia hivi, huyo mama si mwizi! Hakuna twiga hapa! Hakujawahi kuwa na twiga! Sisi hapa hatujui hata twiga wanakula nini!"

Nthoki huuza githeri, mahindi na maharage ya kuchemsha, uani chini ya ghorofa. Ndiye mwenye ufunguo wa pili wa Kamene. Ndiye aliyeahidi kuwaangalia twiga mpaka Kamene atume mtu awachukue.

Na sasa alikuwa anakonyeza jicho kwenye kamera, jicho moja, kwa nguvu, mpaka shavu lote likapanda.

Mbaluka aliinamia kioo kuhakikisha. Kisha, ndugu msomaji, alitabasamu. Mtu wa aina hii ukimfungia mlango hupita na dirisha, na ukifunga dirisha hukuuliza kwa nini nyumba yako ni ndogo.

"Sawa," alisema kwa upole. "Sawa kabisa. Si mwizi. Naondoa hilo neno. Kama hakuna twiga, basi hajawahi kukausha twiga. Ametudanganya wote hapa. Hadithi ya vumbi la mbao ameitunga akiwa amekalia kiti cha serikali. Kwa hiyo wanakaushwa wapi? Juani! Kama nilivyosema! Bi Lela, upo?"

"Nipo," ilisema sauti ya Arusha, na safari hii haikuwa na kicheko.

"Mama," alisema Afnan. "Walikuwepo au hawakuwepo?"

Haya, jiweke hapo. Akisema hawakuwepo, neno mwizi linafutika, na kazi inafutika pamoja nalo. Akisema walikuwepo, anarudi kuwa mwizi, na Nthoki anakuwa mwongo mbele ya mzee wa nyumba kumi. Rafiki amemfungulia njia ya kutoroka. Njia yenyewe inamrudisha Kariobangi.

Kamene aliinamia simu.

"Nthoki."

"Nakusikia, Mama Lenah!" aliitika, maana majirani humwita Kamene kwa jina la mtoto wake. "Usijali, hakuna kitu hapa!"

"Una masizi usoni."

"Ni ya githeri."

"Masizi ya githeri huwa hayafiki kwenye nyusi. Nthoki, niangalie. Sijakasirika. Wako wapi?"

Jicho la Nthoki liliacha kukonyeza.

"Nilimsikia huyu mjinga akipiga kelele getini," alisema, sauti imeshuka. "Eti amekuja kukamata twiga wa wizi kwa Mama Lenah. Nikaona watakufunga. Nikaona wewe uko mbali, hakuna wa kukutetea. Walikuwa wananyoa yule mzee. Nilikuwa na nafasi. Nikawashusha kwa karai, kumi kumi."

"Ukawapeleka wapi?"

"Mama Lenah, nisamehe."

"Wapi, Nthoki?"

"Jikoni. Kwa lile jiko langu kubwa la pipa." Nthoki alifunika uso. "Nimewachoma. Wote."

Foleni ilitoa mlio mmoja, kama gurudumu lililotobolewa.

Mbaluka alicheka mpaka akashika kaunta. "Amechoma! Amechoma ushahidi wa rafiki yake! Wanawake hawa! Wanawake hawa, Madam, ungewaachia nchi ungerudi ukute jivu!"

Kamene alihesabu upya. Wiki tatu za kugeuza. Shingo arobaini, macho themanini. Alimtazama Nthoki akilia na kitambaa chake, na moyo wake ulikataa kabisa kumkasirikia.

"Umefanya kwa kunipenda," alimwambia. "Nyamaza. Futa uso."

"Huyo mama wa githeri," ilisema sauti ya Bi Lela ghafla. "Anaweza kunisikia?"

"Anakusikia," alisema Afnan, akizisogeza zile simu mbili karibu.

"Mama, nakuuliza, unijibu kama mpishi. Ulipowatia motoni, walilia?"

"Eti nini?"

"Walilia? Walitoa sauti ya shhh? Povu liliwatoka miguuni na vichwani? Walirusha cheche?"

Nthoki aliacha kulia. Ameulizwa jambo analolijua, na mtu akiulizwa analolijua mgongo hunyooka.

"Wacha wewe," alisema. "Kuni za kulia nazijua, ndizo tunauziwa kila siku. Unapuliza mpaka macho yanatoka, zinatema maji. Hawa? Hawakulia hata kidogo. Walishika kama karatasi. Moto mweupe, hakuna moshi wa maana. Masizi haya ni ya sufuria tu, nilikuwa naisukuma nikiharakisha. Nakuambia, githeri yangu huiva kwa saa tatu. Leo imeiva kwa saa moja. Mahindi yamefunguka kama maua."

"Wote arobaini?"

"Wote. Hata wale wanene."

Kule Arusha Bi Lela aliachia kicheko ambacho hata wapiga misumari wake walikijibu.

"Bwana Mbaluka!" aliita. "Twiga mnene wa siku tatu juani ukimtia motoni anapiga mayowe kama mtu! Hao walikuwa wakavu mpaka moyoni. Hakuna jua la Nairobi linaloweza hiyo. Afisa, nimeshatosheka. Jumamosi nitauza vikapu. Fundi wangu ni Kamene, na twiga atanitengenezea wengine. Mkataba wenye jina lake natuma sasa hivi."

"Na madai ya wizi?" Afnan aliuliza, akimtazama Mbaluka. "Ulisema unaliondoa hilo neno. Nimeliandika hapa, pamoja na saa."

Mbaluka alitazama foleni. Mwanamke wa mafurushi alikuwa ameshika kiatu kimoja mkononi, kwa kisigino.

"Nililiondoa," alisema.

Mkataba ukaingia, ukachapishwa kwenye kibanda cha nje, mwanamke wa mafurushi akaukimbilia mwenyewe. Saa tisa na dakika ishirini na tano, Afnan aliandika pasi kwa herufi kubwa zilizonyooka: KAMENE. Akasoma jina kwa sauti ndipo akapiga muhuri, kana kwamba alijua mwenye jina alihitaji kulisikia.

"Karibu, mama. Mlango ni ule. Ukipita, gari la Bi Lela liko upande wa kulia."

Kamene aliichukua karatasi kwa mikono miwili. Hatua kumi na tano hadi mlangoni. Alipiga ya kwanza. Alipiga ya pili.

"Ndete," alisema Mbaluka nyuma yake, taratibu, kwenye simu yake. "Bado uko na huyo mama wa githeri?"

"Niko naye, mkubwa."

"Mzee wa nyumba kumi amesikia alichosema?"

"Tumesikia sote. Amesema amewachoma."

"Vizuri. Twiga arobaini, mali ya banda langu, na amekubali mwenyewe mbele ya mashahidi. Sikumwondolea yeye neno lolote. Mshike. Mpeleke kituoni."

Kelele zikajaa simu. Sufuria ikaanguka mahali. Kamene aligeuka, na kwenye kioo kile kidogo aliona mkono wa Ndete umeshika kitambaa cha Nthoki, kitambaa kimemtoka kichwani, nywele zake za mvi ziko nje mbele ya wanaume wote wale.

"Mwachie!" alisema Kamene.

"Mimi?" Mbaluka alitoa lebo yake hatimaye, akaidondosha sakafuni. "Mimi siko Huruma. Wewe nenda Arusha, fundi. Wamekuandikia jina zuri. Ukitaka amwachie, iache hiyo pasi hapa kaunta, turudi bandani tukaongee kama watu wa nyumbani. Ama uvuke. Leo ni Ijumaa. Hakuna mahakama mpaka Jumatatu. Huyo mama ana umri gani? Sitini na ngapi?"

Kamene alimtazama Afnan.

"Binti yangu, nikirudi nyuma siku moja tu, hii karatasi itaningoja?"

Afnan alijaribu kusema uongo mwema. Kamene aliona anavyojaribu. Lakini binti yule hakuwa na kipaji hicho.

"Ni ya leo, mama. Usipovuka leo, imekufa. Na Bi Lela alisema saa kumi."

Ukutani ilikuwa saa tisa na nusu. Toka kwenye simu, katikati ya makelele, sauti ya Nthoki ilipasua:

"Vuka, Mama Lenah! Usinirudie! Vuka, nakuambia, nitakuchapa ukirudi!"

Kisha kioo kikawa cheusi.

Kamene alisimama katikati ya ule ukumbi, hatua kumi na tatu hadi mlango wa Arusha, hatua mbili hadi kwa Mbaluka. Akaikunja ile pasi mara moja, akaikunja mara ya pili, akaitia kifuani.

Halafu akavua viatu vyake vya safari, akavishika mkononi kama mtu anayejiandaa kukimbia, na hakuna hata mmoja pale ukumbini aliyejua anaelekea upande gani.